Punda wa Mzee Lokorio

Wiki tatu zilipita tangu Mzee Lokorio aletwe Nyumba ya Pumziko, na Josiane alikuwa bado hajapata kwake neno moja la kweli kuhusu maumivu yake. Kila asubuhi saa mbili alisimama kando ya kitanda, kadi mkononi, akauliza kama alivyofundishwa:

"Mzee, kuanzia sifuri mpaka kumi, leo maumivu ni ngapi?"

Na kila asubuhi Mzee Lokorio aligeuza uso ukutani, akajibu, "Hakuna."

Alijibu hivyo huku jasho likimtiririka shingoni na vidole vikiuminya ukingo wa kitanda kwa nguvu zote.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Enda uliza wanawake."

Nyumba ya Pumziko iko pembeni mwa mji wa Kakuma, hatua chache kutoka kwenye laga, mto wa mchanga unaopitisha maji mvua ikinyesha tu. Ina vitanda vinane, veranda moja ndefu, paa la mabati linalolia jua likipanda, na jiko la kuni nyuma. Watu huletwa hapo hospitali ikishafanya yake, na nyumbani hakuna wa kumgeuza mgonjwa, wa kumwosha, wala wa kumpa dawa kwa saa. Haahidiwi mtu kupona. Kinachoahidiwa ni kwamba hutakufa mchafu, hutakufa peke yako, na hutakufa ukisaga meno kwa maumivu. Ni ahadi tatu tu, fupi kuzitamka, na ni wachache mno duniani wanaotimiziwa zote.

Josiane aliijua thamani yake. Alizaliwa Rumonge, Burundi, kando ya ziwa, kwenye mashamba ya michikichi, na utotoni kazi yake ilikuwa kukanyaga mawese. Vurugu za mwaka elfu mbili na kumi na tano zilimkimbiza yeye, mumewe Gervais na mama mkwe wake mpaka Kakuma, na baadaye wakapewa nyumba Kalobeyei, makazi ya wakimbizi ya jirani. Huko ndiko mama mkwe alikougua uvimbe wa tumbo. Kwa siku ishirini na mbili bibi yule alilia juu ya mkeka, kwanza kwa sauti, kisha bila sauti. Majirani walikuja, wakaomba, wakaimba, wakaleta uji. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anaumwa kiasi gani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na la kufanya akishajibiwa. Walipomzika, Josiane alisikia kwamba kuna mafunzo ya walezi wa wagonjwa wasiopona. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Aliketi darasani na wasichana wa miaka ishirini, akawa wa pili kwa alama. Wa kwanza, alipenda kusema, alikuwa na miwani.

Sasa ni mwaka wake wa tano pale. Anatoka Kalobeyei kwa bodaboda kabla jua halijakomaa, anavaa aproni ya bluu aliyoishona mwenyewe, na mtu asimwambie habari za njia ya mkato.

Aliyependa kumwambia habari hizo ni Bruno, mlezi mwenzake, Mkongomani mnene mwenye moyo mzuri na kalamu ya haraka.

"Mama Josi, unajisumbuaka bure, kweli," alimwambia asubuhi moja wakikunja mashuka. "Mzee anaumwa, wewe unaona, mimi naona, hata mbuzi ya jirani inaona. Andika nane, yaishe."

"Amesema nane?"

"Hajasema. Lakini shingo yake imesema."

"Shingo haina sahihi kwenye kadi hii. Nikianza kuandika namba zangu mwenyewe, kesho nitaandika kwa huruma, keshokutwa kwa uvivu, na mtondo kadi yote itakuwa hadithi. Atakayeumia ni mgonjwa."

"Haya, mchungaji," Bruno akasema, akabeba mashuka yake.

Josiane hakuwa mkaidi tu. Dawa ya maumivu makali ilikuwa mofini ya maji, chungu kama shubiri, na ilifungiwa kabatini kwa kufuli mbili. Mlezi humpa mgonjwa kipimo chake kila baada ya saa nne, lakini haruhusiwi kuongeza wala kupunguza hata tone. Anayeamua ni Nangiro, muuguzi kutoka Lodwar aliyefika kila Jumanne, na Nangiro aliamua kwa kusoma kadi. Kadi ya Mzee Lokorio ilikuwa sifuri tupu, wiki tatu mfululizo. Kwa hiyo mzee, ambaye saratani ilikuwa imetoka kwenye tezi dume na kufika mifupa ya kiuno, alikuwa akipewa kipimo kidogo cha kuanzia, kisichotosha.

Josiane alijaribu karatasi ya nyuso, ile yenye vikatuni sita, wa kwanza anacheka na wa mwisho analia. Mzee aliitazama kwa makini, akaweka kidole kwenye uso unaocheka.

"Huyu ndiye mwanamume," akasema. "Na huyu wa mwisho, anayelia, ni mtoto ya nani?"

Kitanda cha pili, ng'ambo ya pazia, Bibi Atabo alikohoa kwa kicheko. Bibi huyo alikuwa haoni vizuri, moyo wake ulikuwa umechoka na miguu imemvimba, lakini masikio yake yalikuwa ya msichana. Hakuna kilichosemwa chini ya paa lile kikampita.

Mambo yalibadilika siku ya Ijumaa, simu ilipotoka Lokitaung. Ekiru, mwanawe Mzee Lokorio, alituma habari kwamba atakuja Jumamosi ya wiki iliyofuata pamoja na dada yake na watoto wote. Baada ya hapo atahamisha mifugo kuelekea kaskazini kufuata majani, na hajui atarudi lini. Alikuwa anakuja kuchukua baraka.

Mzee Lokorio aliisikiliza habari hiyo macho yakiwa kwenye mabati. Josiane alipokuwa akimgeuza ubavu, alimshika mkono.

"Mama Burundi. Siku ile nitakaa. Hapana kulala. Nitakaa, nitasema na sauti yangu. Mtu hawezi kubariki watoto akisaga meno. Hiyo si baraka, hiyo ni laana yenye nguo nzuri."

"Utakaa, mzee."

"Na hiyo dawa yako isinilaze kama mlevi."

"Utakaa, na utakuwa macho. Lakini unisaidie. Siwezi kukupimia dawa kama huniambii maumivu ni kiasi gani. Nipe namba."

Mzee aliuachia mkono wake. "Mtu akihesabu mbuzi, mbuzi wanaisha. Akihesabu watoto, watoto wanaisha. Na wewe unataka mimi nihesabu ugonjwa?"

"Basi tuuhesabu haraka," Josiane akasema, "uishe!"

Mzee Lokorio alimtazama. Tumbo lake lilitikisika mara moja, kisha mara ya pili, na kicheko kikamtoka, kikavu na kifupi, kikamwuma kiunoni mpaka akafumba macho. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza katika nyumba ile.

Josiane alikwenda nyumbani na wazo. Huyu ni mfugaji, alijiambia; namba hataki, nyuso anazidharau, lakini wanyama anawajua. Jioni ile alichana kipande cha katoni, akachora kwa kalamu ya wino: zizi tupu, mwana-mbuzi, mbuzi, punda, ng'ombe, na mwishoni ngamia aliyejaza nafasi yote iliyobaki. Chini yao aliandika, kwa herufi ndogo ambazo mzee hangezisoma, sifuri, mbili, nne, sita, nane, kumi. Gervais alimwuliza kwa nini ngamia ana uso wa kikatili hivyo.

"Unauliza? Yule aliyekula shuka zangu mbili kwenye kamba, akanitemea nilipomfukuza?"

Kwa Josiane, hakukuwa na jambo la kueleza. Kwao Rumonge kulikuwa na kuku, mbuzi wachache, na ng'ombe mmoja wa jirani aliyemkimbiza siku moja mpaka ziwani. Mnyama mdogo, taabu ndogo. Mnyama mkubwa, taabu kubwa. Hata mtoto angeona. Na hapo ndipo mtu mwaminifu hukosea, anapodhani kwamba linaloonekana wazi kwake linaonekana hivyo hivyo kwa kila mtu. Kosa la namna hiyo haliishi kwa kuongeza uaminifu. Linaisha kwa kuuliza, na Josiane hakuuliza.

Jumamosi saa mbili asubuhi, saa ya dawa ikiwa imefika, alimshikia mzee katoni.

"Leo maumivu ni mnyama gani?"

Mzee Lokorio aliipitishia macho katoni, mnyama mmoja mmoja. Alitazama mlangoni kama anayehakikisha hakuna wanaume. Halafu akasema kwa sauti ya chini sana, "Punda."

Moyo wa Josiane uliruka kwa furaha. Jibu! Aliandika sita, akampa dawa. Saa moja baadaye alirudi, akamkuta amelegeza vidole, kichwa chake kimetulia juu ya kigoda cha mti alichokataa kukibadilisha na mto.

"Na sasa?"

"Sasa ngamia," mzee akasema, nusu anatabasamu.

Josiane aliduwaa, akaandika kumi.

Ikawa hivyo Jumapili, ikawa hivyo Jumatatu. Kabla ya dawa, punda. Baada ya dawa, ngamia. Macho yake yalimwambia kinyume, maana alimwona mzee akihema kwa shida wakati wa punda na akipumzika wakati wa ngamia. Lakini alikuwa amefundishwa kwamba maumivu ni yale anayoyasema mgonjwa, si yale anayoyaona mlezi, na aliandika lililosemwa, neno kwa neno, saa kwa saa. Hajapata mtu kuandika kadi safi kuliko ile. Ilikuwa ya uongo kutoka juu mpaka chini.

Jumanne Nangiro alishuka kwenye gari la hospitali, shati limeganda mgongoni, akaipokea katoni kwa mikono miwili.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Kichwani, daktari."

Alikuwa muuguzi, lakini pale kila aliyebeba mkoba wa dawa ni daktari. Nangiro akaipiga picha kwa simu, akaituma Lodwar hapo hapo. "Nitasema hii itumike kila mahali. Wazee wetu wote wananiambia hakuna, hakuna. Safi sana!" Bruno alipiga makofi. Josiane akasema, "Ni Mungu," lakini aproni yake siku hiyo ilikaa wima zaidi kidogo kuliko kawaida.

Kisha Nangiro akasoma kadi, na paji lake likakunjamana.

"Ngoja. Kabla ya dawa sita. Baada ya dawa kumi. Sita, kumi. Sita, kumi." Akamtazama mzee, ambaye mbele ya mwanamume mwenzake alilala kimya kama jiwe. "Ejok, apa? Baba, unaumwa?"

"Ejok," mzee akasema. Mzima.

Nangiro alimvuta Josiane verandani. "Nimesoma kwamba mara chache sana dawa hii humgeukia mtu, ikaongeza maumivu badala ya kupunguza. Sijawahi kuona. Lakini kadi ndiyo hii, na wewe hukosei kadi. Tupunguze kipimo mpaka nusu, niongee na daktari mkuu kabla ya mwisho wa wiki."

"Na Jumamosi? Nimemwahidi atakaa, abariki watoto wake."

"Ndiyo maana nataka kuwa mwangalifu, mama."

Jumatano ilikuwa siku mbaya. Kwa nusu ya kipimo, Mzee Lokorio hakuweza kugeuzwa. Alikataa uji, akakataa tumbaku yake, akakataa hata kuosha uso. Kila Josiane alipomwuliza, jibu lilikuwa moja, na kila mara lilitoka kwa sauti ya chini zaidi: "Punda. Punda. Mama Burundi, ni punda." Yeye akaandika sita, akashangaa mbona maumivu ya wastani yanamfanya mtu atetemeke. Alasiri Josiane aliingia stoo ya mashuka, akafunga mlango, akamwomba Mungu amwonyeshe alipokosea. Mungu alimjibu Alhamisi, saa tatu asubuhi, kwa mdomo wa Bibi Atabo.

Bibi alikuwa ameketi verandani, miguu imeinuliwa juu ya mtungi wa maji uliolazwa, akitafuna tumbaku. Josiane alikuwa akimpaka mafuta visiginoni.

"Wewe," bibi akasema, "kila siku nakusikia na huyu mzee. Punda, ngamia, punda, ngamia. Mnafanya mnada?"

Josiane alimweleza: katoni, picha, namba. Sifuri kwenye zizi tupu, mpaka kumi kwenye ngamia.

Bibi Atabo aliacha kutafuna. "Ngamia ndiye maumivu makubwa?"

"Ndiye mkubwa kuliko wote, bibi."

Kwanza ikatoka sauti kama ya birika. Kisha bibi alicheka mpaka Josiane akashika kifua chake kwa hofu ya ule moyo uliochoka. Machozi yalimtoka bibi, tumbaku ikamtoka, mmoja wa wagonjwa akauliza kutoka ndani kuna nini.

"Huyu mtoto wa ziwa!" bibi akasema alipopata pumzi. "Nani alikufundisha mifugo? Samaki? Sikiliza. Ngamia ni nini? Kiangazi kimeua ng'ombe, kimeua mbuzi, ngamia bado anakupa maziwa. Anatembea polepole, anatafuna, anakutazama kama kwamba dunia haina haraka. Mtu akisema ana ngamia, amelala vizuri!"

Mkono wa Josiane ulibaki juu ya kisigino cha bibi. "Na punda?"

"Punda!" Bibi Atabo alitema pembeni. "Unahama. Umemfunga nyumba nzima mgongoni, ngozi, vibuyu, mtoto juu yake. Jua liko hapa. Maji yako kule, mbali. Anafika katikati ya njia, analala. Unampiga, halali vizuri wala hainuki. Unamvuta, anakuuma. Watoto wanalia kiu. Hakuna kitu kibaya kama punda aliyelala njiani, na mimi nimehama miaka sitini."

"Yesu wangu," Josiane akasema.

"Na kitu kingine." Bibi aliinama, akashusha sauti, ingawa kushusha kwake kulisikika mpaka jikoni. "Punda ni kazi ya wanawake. Mwanamume hamgusi punda. Mwanamume kama Lokorio akikwambia wewe, mwanamke, mgeni, kwamba amelemewa na punda, amekuvulia nguo. Amekwambia amefika mwisho. Na wewe ulimwandikia nini?"

"Sita," Josiane akasema.

Alisimama. Mikono yake ilinuka mafuta, na alijiona mdogo kama yule mwana-mbuzi wa kwenye katoni. Siku tano mzee alikuwa amemwambia ukweli wote, na yeye alikuwa ameuandika kwa mwandiko mzuri mahali pasipo pake.

Bruno, aliyesikia kila kitu akiwa na ndoo ya kudeki, alimfuata mpaka ofisini. "Mama Josi, usilie. Kadi iko kwetu. Tunaandika nyingine, tunabadilisha namba, punda anakuwa kumi, Nangiro atafurahi. Nani atajua? Picha yako imeshafika Lodwar, wamekusifu. Utajiaibisha ya nini?"

"Bruno, mzee huyu alijiaibisha kwa ajili ya kuniambia. Mimi nishindwe?"

Hakufuta kitu. Alichora mstari mmoja juu ya kila namba isiyo sahihi, ili iliyokuwa chini iendelee kusomeka, akaandika iliyo sahihi pembeni, tarehe, saa na jina lake. Ilimchukua nusu saa. Kisha akampigia Nangiro simu, akamsomea makosa yake kwa mpangilio kama mtu anayeungama, bila kumtaja Bruno wala kujitetea kwa ngamia aliyekula shuka.

Alipomaliza, aliitazama simu kuona kama bado imeunganishwa.

"Daktari? Uko hapo?"

"Niko, mama. Naona aibu tu. Wewe ni Mrundi, una udhuru. Mimi ni Mturkana, nimeishika ile katoni kwa mikono yangu, na sikuona kitu."

"Kwani nyinyi hamkufuga punda?"

"Mimi nimekulia Lodwar mjini, mama. Sisi tulifuga kuku watatu na redio."

Josiane alicheka bila kupenda. Kabla ya saa sita mchana Nangiro alikuwa ameongea na daktari mkuu, na agizo jipya lilikuja, limeandikwa, limethibitishwa kwa simu mara mbili: kipimo kirudi kilivyokuwa, na kiongezwe kidogo juu yake. Josiane alifungua kufuli zote mbili, akapima mbele ya Bruno, na Bruno akatia sahihi ya shahidi kwa mwendo wa polepole ambao hakuna aliyewahi kuuona kwake.

Ijumaa kutwa Mzee Lokorio alilala usingizi. Ilikuwa haki yake, maana alikuwa na usingizi wa wiki tatu usiolipwa, lakini Josiane alianza kuogopa upande wa pili. Aliahidi mambo mawili, kwamba hataumwa na kwamba atakuwa macho. Ahadi iliyotimizwa nusu ni uongo uliooshwa uso. Alimtazama pumzi kila nusu saa. Nangiro alikuwa amemwambia usingizi huo hupungua mwili ukishazoea, siku moja, labda mbili. Josiane alirudi Kalobeyei jioni na ile "labda" kichwani.

Jumamosi asubuhi, akiwa bado hajafunga aproni, alisikia sauti asiyoijua ikigomba upande wa wanaume. Alikimbia. Mzee Lokorio alikuwa amejiinua kwa kiwiko, akimfokea Bruno.

"Unaninyoa kama unachuna mbuzi! Polepole! Leo nina wageni!"

"Mzee," Josiane akasema mlangoni, "leo ni mnyama gani?"

Mzee alifikiri. "Mbuzi. Lakini mbuzi yenye adabu."

Safari hii Josiane hakuandika. "Mbuzi yenye adabu ni nini, mzee? Nieleze."

"Ah! Sasa unauliza," mzee akasema, akaridhika. "Yupo. Anazunguka-zunguka. Lakini hajaingia kwenye chakula."

Saa nne wageni walifika kutoka Lokitaung, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope: Ekiru, mwanamume mrefu mwenye haya, dada yake aliyevaa shanga za shingo tatu nzima, watoto saba, na beberu aliyefungwa miguu. Walitarajia kukuta maiti inayopumua. Walimkuta baba yao verandani, ameketi kwenye kiti chenye mito pande zote, manyoya ya mbuni kichwani, anauliza mbona wamechelewa.

Dada yake Ekiru alifunika uso, akalia. "Lia baadaye," mzee akamwambia. "Sasa fanya kazi. Piga magoti, wote."

Walipiga magoti kwenye mchanga wa uwanja, na wagonjwa walioweza kutoka wakatoka. Mzee Lokorio aliinua mkono, na sauti yake ikatoka, si kubwa, lakini nzima, bila ufa.

"Mabaya yamekwenda?"

"Yamekwenda!" wakaitikia.

"Yamekwenda wapi?"

"Yamekwenda na jua!"

"Mvua ipo?"

"Ipo!"

"Maziwa yapo?"

"Yapo!"

"Watoto hawa watazaa?"

"Watazaa!" Bibi Atabo aliitikia kwa nguvu kuliko wote, na Bruno, ambaye hakuelewa Kiturkana hata neno, aliitikia sekunde moja nyuma kila mara, kwa moyo wake wote.

Mzee akajaza maji kinywani, akawapulizia vichwani, mmoja mmoja, watoto wakikodoa macho na kucheka maji yalipowagusa. Alipofika mwisho, akanyoosha kidole. "Na wewe, Mama Burundi. Njoo."

Josiane alisita. Alikuwa mwanakwaya, na kanisani kwao walishaonywa juu ya mila za kupulizia mate. Lakini alikuwa amesikia jina aliloliita mzee kila alipomaliza kumpulizia mtoto, Akuj, Mungu, na halikuwa la mwingine. Akawaza pia kwamba mtu anayempa mwenzake dawa kila saa nne, kisha akakataa kupokea kitu kutoka kwake, anajifanya mkubwa kuliko anavyostahili. Akapiga magoti. Maji yalimpata usoni, ya baridi, yenye harufu ya tumbaku, na mzee akaongeza mafungu mawili ya baraka kwa Kiturkana yaliyomchekesha Ekiru mpaka akakohoa.

"Amesema nini?" Josiane aliuliza akijifuta.

"Amesema Mungu akupe ngamia wengi," Ekiru akasema, "na akufundishe kuwajua."

Beberu alichinjwa nyuma ya jiko. Mzee alirudishwa kitandani, akapewa dawa ya saa sita. Wakati moshi wa nyama ukipanda, Ekiru alimfuata Josiane kando ya mapipa ya maji. Alisimama akichora ardhini kwa kiatu cha tairi.

"Mama, nilikuja nikijua nitakuta mtu wa kuzika. Sasa naona anagomba, ananyolewa. Nikifika nyumbani niwaambie amepona?"

Lingekuwa jambo rahisi kutikisa kichwa na kumwacha kijana wa watu aondoke na furaha yake. Josiane aliweka chini ndoo.

"Usiwaambie hivyo, mwanangu. Hatapona. Ugonjwa umefika mifupani, na hautarudi ulikotoka. Zimebaki siku, labda wiki mbili tatu. Lakini leo haumwi. Na nitahakikisha kesho haumwi, na siku ile ya mwisho pia, nikiwa na dawa mkononi na yeye ana mdomo wa kuniambia."

Ekiru aligeuka kutazama laga, ambako mbuzi wa watu walikuwa wakishuka kutafuta kivuli cha migunga. Alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo akagundua ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

"Hiyo naweza kuwaambia," akasema.

Kutoka dirishani ikaja sauti ya baba yake, kali, ya mtu mwenye mambo ya kusimamia.

"Ekiru! Acha kunong'ona huko kama mwizi! Huyo mama amekwambia nakufa? Mimi najua kabla yake. Lete maini, na huyu Bruno asiguse!"

"Nimeshagusa, mzee," Bruno akajibu kutoka jikoni, mdomo umejaa, na uwanja mzima ukacheka.